Chungu Kilichotobolewa

Mama Stumai, jirani wa dada yangu, anaapa kwamba alfajiri alimwona shemeji Valence akitoka uani na kitu kifuani, kimefungwa kwa kitenge kama mtoto. Akajua mtoto anaumwa, anakimbizwa hospitali. Akampa pole. Shemeji akaitikia asante, wala hakusimama. Kulipokucha Mama Stumai akaleta uji wa mgonjwa, akamkuta mgonjwa mwenyewe kakaa mlangoni anatafuna muhogo.

Mama Stumai huongeza chumvi, lakini mimi nilikwenda moja kwa moja jikoni kwa dada, nyuma ya kuni tulikokihifadhi chungu cha mama. Hakikuwepo.

Mama alikifinyanga mwenyewe, akakipikia mpaka alipofia hapa mjini kwa dada. Siku ya msiba nilikitoboa kitako kwa ncha ya jembe. Kwetu chungu cha marehemu hakipikiwi tena. Hutobolewa, kikangoja siku ya kuweka msalaba, ndipo kiwekwe kaburini. Siku yenyewe ilikuwa kesho, Jumapili, kule kijijini Mpitimbi alikozikwa. Pombe imeshaiva, wajomba wameshafika. Na kaburi lisilo na chungu, wazee husema, mwenyewe hurudi jikoni kukitafuta.

Dada Devota alikuwa akipepeta mchele, hakuinua uso. Akasema leo kuna maonyesho ukumbini, na mumewe ni mmoja wa wasanii walioteuliwa kushindania tuzo. Tangu biashara iachiwe huru na maduka kuota kila kona, shemeji alikuwa akiwaandikia watu mabango: saluni, mitumba, mafundi redio. Leo atakayeshinda atapelekwa Dar es Salaam pamoja na kazi yake, kwa basi la kesho asubuhi.

"Usimwaibishe, mdogo wangu," dada akasema. "Bahati yenyewe ndiyo hii."

Ukumbini kulikuwa na picha za tembo, na vinyago. Katikati, juu ya kitambaa cheupe, chungu cha mama. Shemeji alikuwa amekipaka michirizi myekundu, lakini kwenye ukingo alama za kidole gumba cha mama zilionekana zote. Kadi ilisema: Mteule, Valence. Neno hilo mimi nalijua kwenye sala za marehemu.

Mama mmoja mwenye miwani, mwamuzi kutoka Dar, alikiinamisha chungu akapitisha kidole kwenye tundu. Akauliza maana yake. Hapo shemeji akaniona nimesimama mlangoni.

"Ni njaa," akasema. "Jasho la mkulima linaingia juu, linavujia chini."

Watu wakapiga makofi. Mzee Makarius, mlinzi wa ukumbi, hakupiga. Alivua kofia, akanisogelea.

"Nani kafiwa?"

"Shikamoo babu. Ni cha mama yangu."

Hakuitikia hata shikamoo. Alichukua kiti chake akakitoa nje, asikae chumba kimoja na chungu cha marehemu.

Waamuzi wakakaa pembeni kunong'ona. Nikapita katikati ya watu hadi mezani. Shemeji akaniambia kwa sauti ya chini nitulie, nisiharibu. Akishinda atamnunulia mama kingine kizuri zaidi, hata cha Wachina.

"Hicho kingine mama hakukipikia," nikasema.

Akatazama huku na huku. Jasho lilimtoka puani. Mshereheshaji akasimama na karatasi, kipaza sauti kikakoroma, watu wakanyamaza. Akaanza kuwashukuru wafadhili.

Nilijua jina likishasomwa, hakuna atakayenisikiliza. Na nikipayuka, dada yangu atachekwa sokoni mpaka azeeke. Basi nikamsogelea shemeji sikioni.

"Shemeji, mimi sitasema kitu. Waambie wewe mwenyewe, sasa hivi. Naomba chungu cha mama."

Mkono wake ulikuwa umeshika ukingo, gumba lake limekaa ndani ya alama ya gumba la mama. Mshereheshaji akaikunjua karatasi. Shemeji alikuwa akimtazama yeye, si mimi.