Panya wa Arobaini na Moja

Kila siku saa sita mchana Bi Swichi alizima taa za chumba cha panya cha kushoto, akawasha za chumba cha kulia, kisha akaandika daftarini. Jina hilo alibandikwa na wenzake wa maabara. Taasisi ilitaka kujua kama vimeng'enya, vile vinavyovunjavunja chakula mwilini, hufanya kazi zaidi gizani au kwenye mwanga. Bi Swichi alikuwa amelitafuta jibu hilo miaka kumi na miwili, akiwa kibarua.

Mwezi wa tatu wa mwaka wa kumi na mbili chakula kikaanza kumkaa. Akila mchana, kinabaki tumboni vilevile kilivyoingia. Akiingia chumba cha giza, tumbo linaanza kazi kwa mngurumo mpaka panya wanageuka.

Nyumbani, mumewe, fundi cherehani, alifunga mapazia ili mkewe ale.

"Tumbo lako linaizidi cherehani yangu kelele," alisema.

"Wewe shona tu, baba watoto."

Bi Swichi akapima mate yake mwenyewe. Chini ya taa hayakuugusa wanga. Gizani yaliumaliza kabla hajaketi. Akampelekea matokeo Profesa aliyeongoza utafiti. Profesa akamsimamisha mbele ya taa kubwa, na mwanga ukapita tumboni mwake kama dirishani. Wali wa juzi ulikuwa umetulia, punje kwa punje.

"Maharage hukuyatafuna vizuri," alisema Profesa, akiandika.

"Nilikuwa na haraka. Ulinipigia simu nije kuwasha taa."

Kwa kuwa nguo zilimpwaya na mumewe amechoka kuzipunguza, akaenda ofisi ya utumishi kuomba matibabu. Karani akapekua jalada, akamweleza kwa upole kwamba wenye matibabu ni wafanyakazi wa kudumu na panya.

"Panya wanapata nini hasa?"

"Daktari kila wiki. Chakula. Mapumziko baada ya vipimo. Na hawaguswi bila kibali cha kamati."

Bi Swichi akafikiri. "Nafasi ipo?"

Ilikuwepo moja. Akavalishwa kipini chenye namba 41 sikioni. Daktari wa mifugo akampima uzito, akaagiza asisumbuliwe wakati wa kula. Mwezi haukuisha akawa amenawiri. Taa aliendelea kuziwasha na kuzizima, kwani hakuna mwingine aliyejua ratiba, na akimaliza hujiandika mwenyewe daftarini: Na. 41, ameshiba.

Makala ikatoka ikiwa na jina la Profesa peke yake. Jedwali la tatu lote lilikuwa vipimo vya Bi Swichi. Mumewe akalikata, akalibandika ukutani, akawa anawaonyesha wateja namba ya mkewe.

Mwisho wa mwaka ikatangazwa kazi ya kudumu ya kusimamia taa. Bi Swichi akaiomba. Barua ya majibu ilimsifu sana kwa uzoefu wake, kisha ikasikitika kumjulisha kwamba taasisi haiajiri wanyama wa majaribio.

Siku ya kupimwa, daktari wa mifugo aliangalia mizani mara mbili.

"Umepungua kidogo wiki hii."

"Nimesoma barua."

Daktari akaandika kwenye safu ya maelezo: amesoma barua. Akamwongezea nusu saa ya giza, akamwita panya anayefuata.