Mkanda wa Kisiagi

Kwa miezi mitatu Ephantus Njuguna alikuwa na msumeno wa meza usio na mota, na hilo lilimfaa sana, maana mtu asiye na mota hawezi kuulizwa kwa nini hajatengeneza viti. Meza yenyewe aliipata kwa wauza vyuma chakavu: chuma kizito cha zamani, na kwenye mhimili wake puli pana, bapa, ya kupitisha mkanda, ya aina ambayo siku hizi huioni. Aliisimamisha chini ya mabati nyuma ya nyumba yake kule Lanet, pembeni mwa Nakuru, akaipaka mafuta, akaifunika gunia. Kisha akakaa kuwaza.

Aliwaza kila alasiri kwenye benchi lake, jua la saa nane likipenya kwenye matundu ya misumari na vumbi likielea ndani ya miale, usijue kama linapanda au linashuka. Mota ya hosipawa, yaani nguvu za farasi, moja na nusu, mbili, au tatu? Akifumba macho aliona farasi kweli. Farasi watatu weusi wakija kutoka upande wa ziwa, kwato hazitoi sauti, wakaujaza ua wote, mmoja akaanza kula sukuma wiki ya mkewe, Shiru. Wawili wangeenea vizuri. Lakini moyo wa Ephantus ulikuwa kwa huyo wa tatu.

"Unaota tena," alisema Shiru akipita na ndoo.

"Nafikiria mota."

"Basi fikiria na macho yakiwa wazi."

Kilichompeleka kwa farasi wa tatu Ephantus hakumwambia mtu. Mamake, Wariara, aliendesha kisiagi, posho mill ya kusaga mahindi, huko Subukia miaka thelathini na minne, na mota yake ilikuwa kubwa kama ndama aliyelala. Ephantus alikuwa mwanawe wa pekee. Alipotakiwa kukirithi alisema vumbi la unga linamziba kifua, akashuka Nakuru kuajiriwa katika ofisi ya kiwanda. Kifua hakikuwa na neno. Alitaka tu kufunga tai, na alipoifunga akagundua kwamba inakaba. Mwaka huu magoti ya mama yalikataa kazi, kisiagi kikauzwa, mnunuzi akaja na lori. Ephantus alisaidia kuiinua ile mota. Sakafuni pakabaki alama nyeupe ya unga yenye umbo lake, na mamake akaizunguka ili asiikanyage.

Sasa alikuwa amemleta Wariara hapa Lanet, wiki ya tatu hii, na mama hapati usingizi. Usiku anageuka-geuka, mchana anakaa kwenye kiti cha plastiki akitazama ukuta kwa macho mekundu.

"Hii nyumba yenu imenyamaza kama kanisa siku ya Jumanne," alilalamika. "Masikio yangu hayana mahali pa kushika."

Kule Subukia alikuwa na mazoea ya kusinzia juu ya magunia mashine ikiunguruma. Wateja walimjua, wakajimiminia mahindi wenyewe. Mahindi yakiisha, sauti inabadilika, naye anaamka hapo hapo na kudai chake. Huo ndio usingizi aliokuwa ameuzoea, na Shiru alipomletea vidonge vya kulalia alivitia mfukoni kwa heshima na hakuvimeza hata kimoja.

Jumanne jioni akatangaza. "Jumapili tukitoka kanisa narudi kwangu."

"Kwako kuna nani, mum?" Ephantus aliuliza.

"Kuna mimi."

Hapo hofu ikamshika Ephantus. Mwaka uliopita mamake aliteleza uani kule Subukia, akalala chini tangu asubuhi mpaka saa kumi, jirani alipokuja kuomba chumvi. Akirudi ataanguka tena, na chumvi ya jirani huenda siku hiyo ikawa haijaisha. Ephantus alijua hivyo kama anavyojua jina lake. Lakini Wariara hakuwa mtu wa kushikwa mkono na kuambiwa baki. Aliyejaribu alikuwa kama anampa nauli ya kuondoka.

Alhamisi Ephantus akavaa viatu. Kama hakuna analoweza kufanya kuhusu mama, angalau atanunua mota.

"Ngoja nichukue kitambaa," Wariara akasema. "Wewe ukienda peke yako kununua mota utauziwa sufuria."

Walimwendea Kiptanui, fundi wa mota, ambaye kibanda chake kilikuwa kimejaa koili za shaba mpaka jua likiingia mle ndani kunakuwa na rangi ya chai.

"Karibu boss. Karibu mathe." Aliwaonyesha mota mpya ya buluu inayong'aa. "Hii ni tatu hosipawa. Imetoka kwa boksi leo."

Wariara aliinama polepole kwa ajili ya magoti, akashika pete ya juu, akaiinua kwa mkono mmoja. Akaiweka chini.

"Hii ni ya tatu?"

"Si imeandikwa hapo, mathe."

"Hata mimi naweza kuandikwa msichana. Mota ya tatu ya ukweli nisingeweza kuitingisha. Hii ndani hakuna waya, kuna kelele tu."

Debe tupu haliachi kuvuma, na Kiptanui hakuwa mtu mbaya, ni vile tu alikuwa na mota ya kuuza. Alicheka mpaka akajipangusa macho, akaisukuma ile ya buluu kando kwa mguu. Kutoka nyuma akatoa mbili za kijivu, nzito, alizozisuka upya waya kwa mkono wake: moja ya mbili, moja ya tatu.

"Sasa tuongee kama watu," alisema. "Nyumbani iko laini gani ya stima?"

"Single phase, ile ya kawaida," Ephantus alijibu.

"Na unapasua nini?"

"Mbao za saipras, za mukima. Inchi mbili hivi, za viti na meza."

"Magogo?"

Ephantus akawaona farasi wake. "Siku moja, pengine."

"Siku moja ni lini?" mamake akauliza.

Kiptanui akaeleza taratibu kwamba ya tatu itataka waya wake peke yake kutoka kwenye mita, na kila ikianza, taa za nyumba nzima zitafifia. Ya mbili itachomekwa kwenye soketi ya kawaida, na kwa mbao za inchi mbili, mradi msumeno una makali, haitatoa hata jasho.

"Nipatie ya tatu," Ephantus akasema.

Wariara akamshika mkono wa shati, akamtoa nje, wakasimama karibu na rundo la maganda ya mota yasiyo na kitu ndani.

"Ephantus. Unataka kuninunulia posho mill kupitia mlango wa nyuma."

Ukubwani mwake wote hakuna aliyewahi kumsoma Ephantus hivyo mchana kweupe. "Nilikukatalia kazi yako, mum. Na nikadanganya ati ni kifua."

"Nilijua si kifua. Kifua chako kilikuwa kinalala ndani ya unga tangu una wiki mbili." Aliangalia upande wa Menengai, ambako wingu lilikuwa limekalia mlima. "Ilinikasirisha, sitakuficha. Miaka mingi. Halafu ikaisha, hata sikumbuki ni lini. Ni wewe umebaki nayo. Mota inanunuliwa juu ya mbao, sio juu ya mama."

Wakarudi ndani. Kiptanui akaiwasha ile ya mbili ikiwa imefungwa kwenye kibao. Wariara akaweka kiganja chake juu yake, akafumba macho, akakaa hivyo kwa muda mrefu mpaka fundi akamtazama Ephantus kwa wasiwasi.

"Hii," alisema.

Kiptanui aliwatolea puli ndogo bapa ya kulingana na ile ya meza, na mkanda mpya wa mpira, mzima, usio na kiungo. Ijumaa Ephantus alishinda akifunga, akipima, akifungua, akifunga tena. Jioni akaiwasha. Ilinguruma kwa upole kama paka aliyeshiba, na ubao wa saipras ukapita bila kunung'unika, harufu yake ikajaa ua. Shiru alipiga makofi. Ephantus akageuka kumtazama mamake, roho juu, kama mtoto aliyeleta ripoti ya shule.

"Imefanya vizuri," Wariara akasema. Akainuka na kuingia ndani. Baada ya kitambo Ephantus alisikia zipu ya begi lake ikifungwa. Ilimuuma. Alikaa na mbao zake mpaka Shiru akamwita mara tatu kula.

Jumamosi baada ya chakula cha mchana Wariara alitokea mlangoni amebeba kitu kilichoviringishwa ndani ya gunia. Alikuwa amekitoa chini ya kitanda.

"Sijalala tena," alisema. "Huo mkanda wako wa mpira hausemi kitu."

Akafungua gunia. Ephantus aliutambua kabla haujakunjuka wote: mkanda wa kisiagi, wa ngozi, mweusi kwa mafuta na mweupe mikunjoni kwa unga. Mnunuzi aliukataa siku ile ya lori, akasema ana mipya, naye Wariara akaja nao Nakuru chini ya nguo zake bila kumwambia mtu.

Alidai kisu, rula na msumari uliopashwa moto. Akaupasua mkanda katikati kwa urefu, akaukata kipimo, akatoboa matundu, akaketi kwenye kiti cha plastiki kuushona kwa uzi wa ngozi. Kazi ilichukua saa nzima na zaidi. Ephantus alimshikia ncha. Unga wa miaka iliyopita ulikuwa ukidondoka kwenye matundu na kuelea katika miale ya jua pamoja na vumbi la mbao, na kwa muda Ephantus hakuwa na hakika kama yuko Lanet au Subukia, wala ana umri gani.

"Washa," mamake akasema.

Tak-tak-tak-tak. Kile kiungo kilikuwa kikigonga puli kila kinapopita. Kilikwenda kwa haraka kuliko zamani, maana mkanda ulikuwa umefupishwa, lakini sauti ilikuwa ile ile, na Ephantus akahisi magunia chini ya mgongo wake, na joto la unga uliotoka sasa hivi. Kumbe miaka hii yote haikuwa mota. Mota inanguruma tu, na kila mota inanguruma. Alichokuwa akikisikia usingizini ni mshono wa mamake ukizunguka. Machozi yalimtoka na akayaacha yatoke.

Alichukua ubao, akaupasua. Akachukua mwingine. Alipogeuka kuuliza kama upana unatosha, Wariara alikuwa amelala. Kichwa kimeegemea nguzo, mdomo wazi kidogo, kitambaa kimeteleza, viganja viwili vimefunguka mapajani.

Mbao za siku hiyo zilikuwa zimekwisha. Ephantus alinyoosha mkono kwenye swichi, akaurudisha. Aliteremsha msumeno mpaka meno yakazama chini ya meza, akauacha uzunguke bure.

Shiru akaja. "Unakata nini?"

Akaweka kidole mdomoni. "Sikati kitu."

Shiru alimtazama mama, akautazama mkanda, akaketi kwenye benchi. Mwanga ulihama polepole kutoka ukuta mmoja hadi mwingine. Wingu likashuka Menengai, likapanda tena. Farasi wawili walisimama uani kwa utulivu, wakipunga mikia, wala sukuma wiki haikuguswa. Ile mota haikuwa na ulafi. Token za umeme zilizobaki ziliivusha saa tisa, saa kumi, saa kumi na moja, ndipo mita ikaanza kulia kule ndani, na kitambo baadaye kila kitu kikanyamaza.

Wariara akafumbua macho hapo hapo.

"Nani amezima?"

"Token imeisha, mum."

"Na nilikuwa sijamaliza." Aliinuka, akaenda mezani, akapitisha kidole gumba juu ya mshono, akakunja uso. "Huu uzi wako ni wa duka. Utashika wiki mbili, halafu utalegea."

Ephantus aliogopa kuuliza, akauliza. "Na ukilegea?"

"Si utaniita," alisema mamake, akichukua kitambaa chake sakafuni na kukikung'uta. "Niko hicho chumba cha kona. Shiru, nisaidie kufungua hilo begi, zipu yake inashika."