Kilo Arobaini

Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, wanasema. Mwanangu alifunzwa na mamaye, na mamaye ni mimi, kwa hiyo anayetafuta wa kulaumu asihangaike kwenda mbali.

Mimi ni karani wa mizani ya barabarani. Kila lori linalopita barabara kuu lazima lipande juu ya bamba la chuma mbele ya dirisha langu, nami nasoma uzito wake kwenye kompyuta, ekseli kwa ekseli, yaani kila safu ya magurudumu peke yake. Likizidisha, nawasha taa nyekundu, na dereva anashuka kuja kuniita dada, mama, shangazi, hata bibi, mradi nimhurumie. Likiwa sawa, nawasha ya kijani, kizuizi kinainuka, linakwenda zake. Miaka kumi na saba nimefanya kazi hiyo, nikajiona nawajua madereva kuliko mama zao.

Nilikuwa na kanuni yangu: dereva asiyezidisha mzigo ni mwaminifu. Anayeweza kuiba kilo mia mbili ataiba chochote. Nilihubiri hivyo kazini, nikahubiri mezani nyumbani. Mume wangu, fundi wa matairi anayeziba pancha za malori hayo hayo, alinicheka.

"Mke wangu, wewe unapima mahindi. Watu hujawahi kuwapima."

Nikamwambia azibe matairi yake, hesabu aniachie mimi.

Binti yetu tulimwita Chiriku kwa sababu kila asubuhi alianza kuongea kabla hajapiga mswaki. Kidato cha pili, miaka kumi na mitano, kilo arobaini na nane. Siku moja hapakuwa na magari, akaruka juu ya bamba langu. Mizani yetu huhesabu kwa ishirini ishirini, ikasoma arobaini. "Mama, serikali imeniibia kilo nane!" Alicheka mpaka mlinzi akaja kuangalia kuna nini.

Shule yake iko kilomita tisa kutoka hapa. Basi la shule lilipoharibika, aliyeanza mambo ya lifti ni mimi. Lori likipata taa ya kijani, natoa kichwa dirishani: "Baba, nishushie mtoto shuleni." Wakamshusha, mmoja baada ya mwingine, muhula mzima. Akirudi ananisimulia: huyu anafuga njiwa, yule ana mke asiyetaka aoge na sabuni ya unga. Nilijipongeza sana. Baadaye akaona hana haja ya kunisumbua. Kanuni alishaijua: anasimama mbele ya kizuizi, anapungia lori lililoruhusiwa. Nilimwona akifanya hivyo mara nyingi, na nilijivunia.

Jumanne ile nilikuwa nabishana na dereva wa saruji aliyekuja na karatasi za uongo. Chiriku akapita na begi lake.

"Mama, naenda!"

"Haya."

Sikuinua kichwa. Hilo ndilo neno la mwisho nililompa mwanangu.

Saa saba mchana mwalimu wake wa darasa alipiga simu kuuliza kama anaumwa.

Polisi walitaka kujua alipanda gari gani. Sikujua. Nilichojua ni kwamba kati ya saa kumi na mbili na dakika arobaini na saa moja kamili niliyaruhusu malori kumi na moja. Nikachapisha tiketi zote za uzito. Kisha nikampigia karani wa mizani inayofuata, kilomita mia mbili mbele, anisomee malori yale yale yalipofika kwake yalikuwa na uzito gani. Karani huyo tunamwita Desimali kwa jinsi anavyopenda usahihi, na siku hiyo alisoma polepole, akirudia kila tarakimu. Nikatoa dizeli iliyotumika njiani. Malori kumi yakakubali hesabu. La kumi na moja lilikuwa limezidi hesabu kwa kilo arobaini.

Nikawapelekea polisi karatasi: mtoto alikuwa bado ndani, shule ameiacha nyuma sana.

"Mama, hiyo itakuwa dizeli aliyoongeza njiani tu," afisa wa polisi aliniambia kwa upole. Lakini walilifuata. Dereva akasema hakubeba mtu. Chini ya kiti wakakuta daftari la jiografia la Chiriku. Hapo ndipo akakumbuka: kweli, kuna mwanafunzi, alimshusha kwenye geti la shule. Mlinzi wa geti hakumwona. Hakuna aliyemwona. Walimweka ndani wiki mbili, wakapekua vichaka vya kando ya barabara kwa mbwa, hawakupata hata kiatu. Wakamwachia. Ushahidi hautoshi, walisema.

Mume wangu hajanilaumu. Anakaa mbele ya tairi na chuma mkononi, hazibi kitu. Juzi nilimwambia anitukane, anipige, afanye lolote.

"Nikikupiga atarudi?" akaniuliza.

Ndugu zangu wananishauri niache kazi. Siwezi. Lori lile hupita hapa kila baada ya siku nane au tisa, na nataka likipita linikute. Nilijiambia kwamba siku moja dereva yule atazidisha, hata kwa kilo ishirini. Nitawasha nyekundu, atashuka, ataingia ofisini kwangu, nitafunga mlango, na hatatoka mpaka aniambie mwanangu yuko wapi. Mara sita amepita. Mara sita yuko sawa.

Leo asubuhi alikuja tena. Nilisoma ekseli ya kwanza mpaka ya mwisho, nikarudia, nikarudia tena. Alikuwa chini ya kiwango kwa kilo mia moja na themanini. Nyuma yake honi zilianza. Akateremsha kioo, akavua kofia.

"Shikamoo, mama."

Kwa mazoea ya miaka yote, mdomo wangu ulijibu wenyewe. "Marahaba."

"Yule binti hajapatikana tu?"

"Bado."

"Pole sana, mama. Mungu yupo."

Msimamizi wangu aligonga meza nyuma yangu. "Foleni imefika barabarani. Gari lina kosa gani?"

Nilitazama kompyuta. Nilitafuta kosa kwa macho yangu yote.

"Halina," nikasema, na nikamruhusu.