Ndege wa Kuvutwa

Je, mtu anayejua fika kwamba ndege wake hawezi kupaa, na bado akamnadi kuwa ni ndege arukaye, humdanganya nani kwanza: mnunuzi au nafsi yake? Kitindamimba alikuwa akilitafuna swali hilo huku akimtazama shemeji yake akimpaka ndege wa karatasi rangi ya dhahabu, kwa brashi iliyolowa kupita kiasi.

Ndege yule alikuwa kazi ya mikono yake mwenyewe. Alikuwa amechagua karatasi nyepesi, akaipinda huku na huku ili ajue nyuzi zake zimelala upande gani, kwa kuwa bawa lililokatwa kinyume cha nyuzi hulegea kama sikio la mbwa mgonjwa. Mdomo aliukunja tena na tena ili uzito ukae mbele, kisha akauinua ukingo wa nyuma wa mabawa kidogo mno, kiasi cha unene wa ukucha. Ndege wa namna hiyo, ukimsukuma kwa upole, huelea chumba kizima na kutua kwa adabu zake.

"Shemeji, mkia unalowa," alisema.

"Unang'aa," alijibu shemeji bila kugeuka. "Wewe unaona unalowa, mimi naona unang'aa. Ndiyo maana wateja wananitafuta mimi."

Mume huyo wa dada yake aliitwa Mheshimiwa, si kwa cheo chochote, bali kwa sababu hata chumvi mezani aliiomba kama anayehutubia umati. Karakana ya mapambo, iliyokuwa chumba cha nyuma cha nyumba yao, ilikuwa mali ya dada. Lakini mteja alipobisha hodi, mwenye karakana aligeuka kuwa Mheshimiwa. Safari hii mteja alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi, aliyetaka ndege wa karatasi wapae jukwaani siku ya kufungua ukumbi mpya. Tena aliahidi jambo ambalo kwa Kitindamimba lilizidi ufunguzi wote: maonyesho yakipendeza, angepewa darasa la kila wiki la kuwafundisha watoto kutengeneza ndege hao. Alikuwa akilitamani darasa la namna hiyo tangu alipomwona mtoto wa jirani akimwachia ndege wake wa kwanza, akasahau hata kufunga mdomo.

Rangi ilipokauka, Mheshimiwa alimkamata ndege kwa ngumi na kumvurumisha kama anayemtupia mwizi jiwe. Ndege alibinuka, mkia ukatangulia chini, akatumbukia ndani ya kopo la gundi.

"Karatasi mbovu," Mheshimiwa alitoa hukumu.

Dada alicheka hadi akaweka mkasi chini. "Uzuri wa mkakasi, baba watoto, ndani kipande cha mti."

"Cheka tu. Dawa ninayo." Akafungua droo, akatoa kidonge cha uzi wa nailoni, ule mwembamba usioonekana kwa mbali. "Tunawatundika hapa, tunavuta kule. Watapaa mpaka mseme basi."

"Huko si kupaa," alisema Kitindamimba. "Hata shuka kwenye kamba, kamba ikivutwa, litasogea."

"Shuka halipigiwi makofi."

Siku ya majaribio, ukumbi ulikuwa bado unanuka rangi na viti havijavuliwa plastiki. Mwalimu mkuu aliketi kwenye kiti cha mgeni rasmi ili aonje mapema atakachokiona mkubwa huyo. Mheshimiwa, nyuma ya pazia, akavuta. Ndege wa dhahabu wakapita jukwaani wakitetemeka, wamepangana, midomo yote imeelekea upande mmoja kama wapambe nyuma ya bwana wao.

"Jamani, wanaruka!" mwalimu mkuu alipiga makofi. "Uzi nauona, lakini mgeni rasmi haoni vizuri."

Kitindamimba aliomba ruhusa amwachie mmoja asiyepakwa rangi. Alisimama ukingoni mwa jukwaa, akamsukuma hewani kama anayefungua mlango wa chumba alimolala mtoto. Ndege akaelea juu ya viti, akakutana na upepo wa dirishani, akainamisha bawa mwenyewe, akapinda, akaendelea bila haraka hadi akatua kwenye safu ya mwisho. Mwalimu mkuu alijikuta amesimama. Kisha akakumbuka cheo chake, akaketi.

"Na akimwangukia mgeni rasmi kichwani?"

"Hatampasua, mwalimu. Ni karatasi."

"Hapana, binti yangu. Huyu anakwenda anakotaka. Mimi nina ratiba."

"Hilo ndilo jicho la kiongozi!" alidakia Mheshimiwa akitokea pazia lilipoachana. Alikuwa akimvisha mwalimu mkuu, mama wa watu, kilemba cha ukoka, naye alikivaa, tena akakilaza upande.

"Siku yenyewe utavuta wewe," mwalimu mkuu alimwambia Kitindamimba, "maana mkono wako ni mwepesi. Na darasa lako lianze wiki inayofuata. Ila watoto uwafundishe hawa wa dhahabu. Wazazi wanapenda kinachong'aa."

Dada, aliyekuja kusaidia kuwatundika ndege, alimsogelea, akamnong'oneza, "Kubali, mdogo wangu. Ukishafunga mlango wa darasa, nani atakuchungulia?"

Kwa kitambo kidogo Kitindamimba alikubali moyoni. Akaliona darasa. Akawaona watoto. Halafu akajiona yeye mwenyewe, kidole mdomoni, akiwaonya wasithubutu kuwaambia wazazi wao kwamba ndege wao wanaruka kweli. Kwa picha hiyo akajidharau kuliko alivyopata kumdharau Mheshimiwa.

"Haya, shemeji, jaribu mkono," alisema Mheshimiwa akimnyooshea ncha ya uzi. "Fuata nyuki ule asali."

Kitindamimba hakuipokea.

"Sivuti," aliwaambia wote watatu, "leo wala siku ya ufunguzi. Na darasa la kuwafundisha watoto ndege wa kuvutwa silichukui. Mtafuteni mtu mwingine."