Mkono wa Sponji

Sponji iliyokauka ilipanda taratibu kwenye ncha ya rula ya chuma, kama mtu anayeamshwa naye hataki, na rula ikagusa waya wa shaba. Pampu ikanguruma. Matone yakanyesha juu ya miche mia nne ya nyanya, na Mama Miche akashusha pumzi aliyokuwa ameibana tangu asubuhi.

"Subiri," alisema wifi yake, mikono kiunoni. "Kujiwasha si hoja. Itajizimaje?"

Wakasubiri. Sponji ikanywa maji, ikawa nzito, rula iliyoibeba ikainama, ikauacha waya. Pampu ikanyamaza.

"Bahati tu," alisema wifi.

Bahati gani! Zilikuwa wiki sita za kuungua vidole. Sponji ya kwanza ilikuwa kubwa mno, haikukauka upesi, miche ikanyauka. Ya pili ilikuwa ndogo, ikakauka kila dakika hadi trei zikageuka bwawa. Pampu ilitoka kwenye gari bovu, zamani ikinyunyizia kioo cha mbele. Paneli ya sola ilikaa juu ya paa la bafu. Na maji yenyewe yalikuwa yaliyokwisha kuogewa, yaliyochujwa kwa mchanga na mkaa hadi kwenye pipa. Zamani alimwagilia kwa mpira wa bomba, nusu ya maji safi ikiishia mtaroni, na roho ilimuuma kila mara.

Lakini kilichomkosesha usingizi ni mjukuu. Mjukuu wa kwanza, miezi miwili sasa, safari ya siku nzima kwa basi, naye hajamtia machoni. Miche hii ilitaka maji mara nne kwa siku. Ikikosa mchana mmoja wa jua kali, msimu mzima umekwenda na maji. Mara ya mwisho alipomwachia wifi, wifi alipita kwa shoga yake kidogo tu. Pilipili zote zilikufa.

"Nakwenda kesho," alisema Mama Miche. "Na wewe, tafadhali, usiguse kitu."

"Nitajaza ndoo, nikae nayo tayari. Utanishukuru."

Akaenda. Siku ya kwanza, alipofika jioni, alimpakata mtoto huku akili iko kwenye trei. Siku ya pili mtoto alimshika kidole, akakibana kwa nguvu zake zote, na bibi akasahau kabisa kwamba duniani kuna nyanya. Alilia bila kuona haya.

Siku ya nne, baada ya kusafiri usiku kucha, jua la saa saba likiwaka, alifungua geti. Ua ulikuwa kimya. Akakimbia na mkoba mkononi hadi nyuma ya nyumba.

Miche ilisimama. Yote, kijani kibichi, kila mmoja umeongeza jani. Mbele yake wifi alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, kidevu mikononi.

"Nimeweza!" Mama Miche alipaza sauti, akaudondosha mkoba, akauruka. "Wifi, nimeweza!"

"Shh! Inakaribia kupanda." Wifi hakugeuka, ila alisogea kidogo kumpisha kwenye ndoo. "Kwangu utanifungia mtambo kama huu lini?"

"Ukiacha ubishi."

"Basi sahau. Mtoto kafanana na nani?"

"Na wewe. Akishika kitu haachii."

Wifi akacheka, akamshika mkono. Wakabanana juu ya ile ndoo kavu, macho kwenye sponji, nayo ikaanza kupanda.