Taa Juu ya Ukuta

Tangu mvua za Elninyo zivunje barabara, Kenga alikuwa amepandisha bei ya umeme mara tatu. Kijiji kizima cha Majoreni jenereta ilikuwa moja, yake, naye alilijua hilo vizuri sana. Watu wakalia mpaka chifu akaitisha baraza na kuweka sheria ya serikali: malipo yawe kwa taa, kila taa bei moja. Hapo hapo mtu akauliza mbona taa zenyewe zinafifia. Kenga akajibu kwa kiburi chake, "Mimi ninauza taa. Mwanga ni wa Mungu."

Mama mmoja pale barazani, Biasha, alilitia neno hilo kibindoni.

Sasa binti yake Maimuna alikuwa anapakwa hina, kesho aolewe. Biasha alimudu taa moja tu, na vyumba ni vitatu: bibi harusi huku, wageni kule, wapishi nyuma. Mwanawe apakwe hina kwa kibatari, atoke madoadoa? Moyo ulikataa katakata. Akatazama juu. Nyumba ya makuti, kuta za ndani hazifiki paani. Akapanda juu ya kinu, akaifunga taa juu ya ukuta wa kati, na jenereta iliponguruma baada ya Magharibi, vyumba vyote vikang'aa. Vigelegele hivyo!

Vigelegele ndivyo vilivyomleta Kenga. Alichungulia, akapandwa na mori. "Mwanga!" akapiga ukelele uani. "Mwanga!"

Pwani ukipiga ukelele huo, nani atafikiria taa? Mtaa ukatoka na michi na magongo kumkamata mchawi. Chifu alifika na kiatu kimoja.

"Yuko wapi huyo mwanga?"

"Si mchawi, chifu! Mwanga wa taa, unaruka ukuta! Alipe taa tatu, ama ninakata waya sasa hivi."

Biasha alitupa jicho ndani. Maimuna alikuwa amepakwa mkono mmoja tu.

"Shikamoo, chifu," alisema. "Hebu muulize muungwana huyu, yeye huuza nini?"

Kabla Kenga hajafungua kinywa, umati ukamjibia: "Taa! Mwanga ni wa Mungu!"

Chifu alicheka mpaka akaegemea ukuta. "Sheria ni kwa taa, nami ninaiona moja. Waya usiguswe."

Biasha, kwa furaha, akamletea Kenga pilau. "Karibu, ndugu yangu. Sahani ni yangu. Shibe ni ya Mungu."

Hata Kenga alicheka. Ndani, Maimuna akanyoosha mkono wa pili.