Mufupa Kwenye Musumari

Kitendawili, wajukuu! Hauna nyama, hauna meno, lakini unakula watoto. Ni nini?

Mumeshindwa? Basi munipe muji wa Kasongo wote na soko lake, niwaambie.

Ni mufupa wa nyani, wenye kamba, kule shuleni Kabambare. Mutoto akisikiwa anasema lugha ya nyumbani, anauvaa shingoni mpaka amukamate mwenzake akiisema. Atakayebaki nao saa ya kutoka, anachapwa.

Mufupa ule ulikuwa unamaliza siku kwa Naomie, binti ya Bulaimu, Mutwa mumoja tu katika kalasi, wa kabila la wawindaji wa porini. Naomie mwenyewe hasemi, yuko kimya kama jiwe la mutoni. Lakini watoto walijua: ukimuvalisha Mutwa, mwalimu Octave haulizi neno.

"Nimemusikia, mwalimu!" akasema siku moja Esther-Divine, mwenzake wa benchi.

Uongo. Aliyesema Kibangubangu, lugha ya nyumbani kwao, ni yeye mwenyewe.

"Hawa watu wa pori!" mwalimu akacheka. "Mwili unakuja shuleni, kichwa kinabaki kwa manyani." Akamuchapa Naomie, akamufukuza. Asirudi mpaka aitwe.

Nyumbani, mama yake aliendelea kufua inifomu na kuianika. Hakuna aliyemwita.

Mufupa ukatundikwa kwenye musumari ukutani. Asubuhi mwalimu akaita majina, la Naomie akaliruka.

"Nani hayuko?"

"Hakuna, mwalimu!"

Ko. Ko. Ko. Mufupa uligonga ukuta. Na inje, wajukuu wangu, hata jani la mugomba halikutikisika.

Mwalimu akautupa ndani ya choo. Kulipokucha, huu hapa juu ya benchi, pahali pa Naomie, mukavu, kamba imefungwa kwa kipimo cha shingo ndogo.

"Nani anacheza na mimi?"

Esther-Divine akagusa ubao wa benchi kando yake. Ulikuwa na joto, kama vile mutu ameinuka sasa hivi. Akasogea. Joto likamufuata.

Kesho yake mufupa ulikuwa umerudi kwenye musumari. Mwalimu alishika daftari. "Nani hayuko?"

Safari hii hakuna aliyeitika. Ko, ukuta ukasema. Ko.

Esther-Divine akasimama. Akauvaa mufupa mwenyewe, akajibu kwa Kibangubangu, kwa sauti ya kusikiwa mpaka barabarani:

"Naomie hayuko. Mufupa ulikuwa wangu. Mumwite."